Namba Aliyoiona Kabula

Mnakuja hapa kwangu Pasiansi mmeshika simu, matokeo yamefunguliwa, hata shikamoo mnaitoa nusu. "Mzee Bundala, nina D ya Kemia na D ya Fizikia, bado naweza kuwa daktari?" Mimi si chuo. Mimi natengeneza sabuni ya mche. Lakini nilikaa maabara ya shule ya sekondari miaka ishirini na miwili, mtu wa darasa la saba katikati ya watu wa digrii, na nimeona watoto wengi wakiingia na hamu ya koti jeupe na kutoka na karatasi ya kuwafungia mlango. Kwa hiyo leo naandika, nichoke mara moja. Anayetaka kuambiwa kwamba kila kitu kinawezekana akasikilize wale wa kwenye redio.

Jibu la haraka ni hili. Kwa D hizo hutakwenda kidato cha tano cha sayansi, na bila hicho udaktari wa moja kwa moja usahau. Njia iliyobaki ni ndefu: unaomba utabibu ngazi ya diploma, unasoma, unafanya kazi, ukifaulu vizuri kule ndipo unaomba digrii ukiwa mtu mzima, pengine una mtoto mgongoni. Soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, maana masharti hubadilika. Hakikisha chuo kimesajiliwa. Mtu akikwambia ana mjomba ndani ya chuo, ondoka. Na kama somo lililokuangusha ni moja, rudia hilo moja, usirudie yote kwa hasira.

Hayo mngeyapata hata steshenari. Ninachojua mimi na wao hawakijui ni kwamba si kila D ni ya mwenye jina kwenye cheti. Nyingine ni ya mkuu wa shule. Nyingine ni ya mwalimu. Ipo moja ambayo ni yangu.

Shule yenyewe siitaji. Ilikuwa ya kutwa, upande wa Igogo, imepandishwa juu ya mawe kama shule nyingi za mji huu, na ukisimama dirisha la maabara unaliona ziwa na mabati ya watu. Waliyaanika maisha yao yote mle chini: nguo, dagaa, mihogo. Mimi niliajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mara ishirini na mbili. Kazi yangu iliitwa mhudumu wa maabara. Wanafunzi waliniita Dokta Chura.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Mtihani wa Biolojia ulihitaji vyura, na chura haagizwi kwenye karatasi. Nilikuwa nachukua baiskeli na gunia la mkonge hadi mabondeni kule Buswelu, kwenye majaruba ya mpunga, nakanyaga tope hadi magotini. Wenye mashamba waliniogopa. Mama mmoja aliniuliza, "Baba, hao ni wa dawa?" Nikamjibu ni wa shule. Akasogeza watoto wake nyuma yake, akasema, "Hiyo shule Mungu aisaidie." Mke wangu alikataa gunia lilale ndani. Nikalitundika chooni, na jirani aliyeingia asubuhi alitoka akikimbia, kaptula mkononi.

Mwaka mmoja dawa ya usingizi ilikuwa kidogo, nikaigawa nusu nusu. Somo likiwa katikati, chura aliyekwisha kupasuliwa na kubanwa kwa pini, mkao mzuri kabisa, kwenye ubao wake akafumbua macho, akavuta mguu, pini ikaruka. Darasa lote likapanda juu ya meza. Hakubaki chini mtu isipokuwa binti mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, sare imefifia. Alimshika yule chura kwa kiganja, akamwekea pamba yenye dawa puani, akangoja, akamrudishia pini. Halafu akaandika kwenye daftari. Nikachungulia. Alikuwa ameandika saa, dakika, na "mnyama aliamka." Wenzake wote walikuja kuandika kwamba chura alikuwa amelala muda wote, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema.

Huyo ndiye Kabula. Mama yake alianika na kuuza dagaa, baba hakuwepo. Alisema atakuwa daktari, na aliposema hakuna aliyecheka, jambo ambalo kwa shule yetu lilikuwa la ajabu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Tungaraza, Mkerewe, mhudumu aliyenitangulia. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka hata kwa mchanga. Hakujua Kiingereza cha kwenye chupa, lakini alijua kila chupa kwa uzito na kwa harufu ya kizibo. Aliniambia, "Chupa isiyo na jina imwage, usiikisie." Aliniambia nisome kimiminika kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye mistari, jicho likiwa sawasawa na mstari, na nisome chini ya lile bonde la maji, si kwenye kingo. Na kuhusu kuzimua asidi alisema, "Maji ndiye mwenye nyumba, asidi ndiyo mgeni. Mgeni ndiye anayeingia, tena polepole. Ukimwingiza mwenye nyumba kwa mgeni, watapigana."

Nilimwelewa. Lakini siku moja wageni wa wilaya walikuwa getini, mkuu wa shule, Mwalimu Magwisha, kasimama mlangoni ananipigia makofi, "Haraka, Bundala, haraka!" na mikono yangu ikafanya kinyume. Nilimimina maji kwenye asidi ya salfa. Ililipuka kama mafuta kwenye kikaango. Jicho langu la kushoto mpaka leo lina ukungu. Mwalimu Magwisha aliwaambia wageni kwamba mhudumu amepata ajali kwa kutokuwa makini. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye jina langu alilitaja.

Mzee Tungaraza yeye alikufa kwa kifua. Maabara ilikuwa na dirisha moja linalofunguka, na yeye alivuta moshi wa zile asidi tangu ujana wake. Hospitali waliandika pumu. Hakuwahi kuwa na pumu.

Sasa kuhusu kostiki.

Wengi mnaijua, ndiyo hii hii natengenezea sabuni. Punje nyeupe, zinaunguza. Maabara huitumia kwa titresheni: mwanafunzi anaweka kostiki iliyoyeyushwa kwenye chupa ya chini, anadondosha asidi kutoka kwenye bureti juu, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Anasoma ametumia asidi kiasi gani. Mwanafunzi hufanya hivyo mara tatu, na alama zake nyingi zinatokana na ile namba.

Kostiki ina tabia moja mbaya. Inakunywa hewa. Mfuniko ukilegea, punje zinashikana, zinalowa, mwisho zinalala ndani ya maji yao zenyewe. Kwa mji wa ziwani kama huu, mvua za vuli zikianza, wiki moja inatosha. Sisi tulikuwa tunasema kostiki imelia. Na kostiki iliyolia inadanganya mizani: unadhani umepima gramu nne za kostiki, kumbe umepima tatu na maji.

Mwaka Kabula alipokuwa kidato cha nne, kopo letu lilikuwa na mfuniko uliopasuka. Niliandika kopo jipya kwenye orodha ya mahitaji tangu mwanzo wa mwaka. Ofisi ya mkuu ilipata mapazia mapya. Maabara haikupata kitu.

Siku moja kabla ya mtihani nilimpelekea kopo Mwalimu Lukwaja, mwalimu wa Kemia.

"Mwalimu, kostiki imelia."

"Imelia nini?"

"Ina maji, tazama. Tukipima gramu nne tutakuwa tumepima na maji yake."

"Bundala, maelekezo yanasema gramu nne kwa lita moja. Yameandika habari za kulia?"

"Maelekezo hayakuliona kopo letu."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe ungesoma, ungekuwa profesa wa matatizo. Haya, pima."

Nikaenda kwa Mwalimu Magwisha. Hakuinua kichwa. "Mtihani ni kesho. Unataka niiote hiyo kostiki usingizini? Wewe na mwalimu wa somo, nani anajua Kemia?"

Nikapima gramu nne, nikaziyeyusha, nikatia kwenye chupa zilizoandikwa B.

Hapa mnielewe vizuri, maana ndipo kisa kilipo. Kulikuwa na utaratibu wa kulinda watoto katika hali kama hiyo. Wakati wanafunzi wanafanya mtihani, mwalimu wa somo anatakiwa kuchukua michanganyiko ile ile, ajifungie chumba cha pembeni, afanye jaribio yeye mwenyewe na aandike alichopata. Karatasi yake inaingia kwenye bahasha pamoja na za wanafunzi. Msahihishaji anaifungua na kuona: ooh, shule hii michanganyiko yao inatoa namba hii. Basi mtoto aliyepata namba hiyo yuko sawa, hata kama shule ya jirani wamepata nyingine. Kwa hiyo hata kostiki yetu ingelia namna gani, bado mtoto asingeumia. Kilichotakiwa ni mwalimu afanye kazi ya nusu saa.

Mwalimu Lukwaja hakuifanya. Nilikuwa napita na ndoo ya maji, nikamwona stoo, kakaa juu ya kreti, simu mkononi, bureti yake kavu. Alikokotoa kwenye karatasi ya pembeni namba gani ingepatikana kama kostiki ingekuwa nzima, akaiandika: ishirini na tano kamili, ishirini na tano nukta moja, ishirini na tano kamili. Hata ile nukta moja aliitunga, ili ionekane mkono wa mtu ulitikisika. Na namba hiyo hiyo wanafunzi wake wa twisheni walikuwa nayo tangu juzi. Aliwaambia, "Mkiona imewagomea, andikeni ishirini na tano mwende nyumbani."

Kabula hakuwa twisheni. Saa za twisheni alikuwa anageuza dagaa juani.

Nilikuwa nyuma ya chumba, kwenye sinki. Nikawa naangalia bureti kwa jicho langu zima. Kila mtoto rangi ilimgeukia mapema, kwenye kumi na nane na kitu. Nikaona nyuso zao zinashtuka, nikaona shingo zinageuka, halafu nikaona kalamu zinaandika haraka. Denis, kijana wa mbele, bureti yake ilikuwa inavuja, hakumaliza hata mara moja. Naye aliandika.

Kabula alirudia mara ya nne, ambayo haikuhitajika. Kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, naomba kuuliza kama mchanganyiko wa chupa B uko sawa."

Msimamizi alikuwa mwalimu mgeni kutoka shule nyingine. "Binti, hapa wewe ndiye unayeulizwa maswali. Kaa."

Watu wakacheka kidogo. Kabula hakukaa mara moja. Aligeuka nyuma, akanitazama mimi. Alijua mimi ndiye niliyeandaa. Macho yake hayakuwa ya kulalamika, yalikuwa ya kuuliza tu, kama alivyokuwa ananiuliza siku zote, mzee hii ni nini, mzee ile inawekwa wapi.

Nikafungua bomba, nikaanza kuosha bika lililokuwa safi.

Akakaa, akaandika alichokiona.

Walipotoka nilichukua mabaki ya chupa B, nikafanya titresheni mimi mwenyewe. Mzee Tungaraza alinifundisha, mkono wangu hautetemeki. Kumi na nane nukta sita. Nikarudia. Kumi na nane nukta sita. Nikamkimbilia Lukwaja, bahasha ikiwa bado wazi juu ya meza.

"Mwalimu, nimepata kumi na nane nukta sita."

"Umepata? Wewe umesajiliwa namba ngapi ya mtihani?"

"Badilisha karatasi yako, mwalimu. Bado bahasha haijafungwa."

"Darasa zima limeandika ishirini na tano."

"Si zima."

"Nani hajaandika?"

"Kabula."

Akalamba gundi ya bahasha. "Basi Kabula atajifunza kuhudhuria twisheni."

Msimamizi alikuwa hapo nje, anavuta kiti chini ya kivuli cha ukuta. Hatua kumi. Ningemwambia. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, na wanaouongeza walikuwa Magwisha na watu wake. Nilikuwa na watoto wanne. Hizi ni sababu, siziuzi kwa mtu, nawaambia tu zilivyokuwa. Nilikwenda kufagia.

Matokeo yalipotoka, Kabula alikuwa na B ya Biolojia, C ya Fizikia, na D ya Kemia. Denis alipata B ya Kemia. Leo Denis ni daktari, yuko mkoa mwingine, na nasikia ni mtu mzuri. Simlaumu, alikuwa mtoto na aliambiwa aandike. Lakini naomba siku nikipelekwa nimezimia isiwe zamu yake.

Kulikuwa na siku za kukata rufaa, zinahesabika. Katika siku hizo Kabula alikuja maabara. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nimefikiria sana ile bureti. Wote wamepata ishirini na tano. Mimi nilipata kumi na nane. Nilikosea wapi?"

Ndugu zangu, vijana, nimewaambia kuhusu Magwisha na nimewaambia kuhusu Lukwaja. Sasa niandikeni na mimi. Bundala, mhudumu wa maabara. Nilimwambia, "Labda ulisoma kwenye kingo badala ya chini ya bonde. Wengi hukosea hapo."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilidhani nimesoma chini."

"Hofu ya mtihani," nikasema.

"Kwa hiyo nisikate rufaa?"

"Utakata rufaa useme nini?"

Akasema asante. Mama yake nilimsikia akigombana naye kesho yake, maana nyumba yao ilikuwa chini tu ya ukuta wetu. Mama hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Miaka minne nimekusomesha kwa harufu hii, unakwenda kushindwa kusoma kimstari? Kimstari, Kabula!"

Aliomba vyuo vya utabibu kwa hiyo D. Inaruhusiwa, kama nilivyowaambia, lakini kuruhusiwa kuomba si kuchaguliwa. Wenye C na B wanaomba hapo hapo, nafasi ni zile zile. Awamu ya kwanza hakuchaguliwa, ya pili hakuchaguliwa. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Walimwambia achukue ualimu wa chekechea, akakataa. Walimwambia aolewe, kuna mtu wa mitumbwi alileta barua, akakataa pia. Akaanika dagaa. Nilikuwa namwona kutoka dirishani, kichwa kimefungwa kitenge, anageuza nyavu, na mimi naosha vyombo.

Mwaka wa tatu akaja nyumbani kwangu hapa Pasiansi.

"Mzee, nataka kurudia Kemia kama mtahiniwa binafsi. Nadharia naiweza. Nifundishe kusoma bureti."

Mnafikiri nilimwambia? Sikumwambia. Nilimfundisha. Bureti sikuwa nayo, tukatumia bomba la sindano kubwa, la kuchanjia ng'ombe. Tulichemsha majivu ya maganda ya ndizi tukapata maji ya magadi. Asidi ikawa limau lililochujwa. Rangi tulipata kwenye rozela, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi: kwenye limau hubaki nyekundu, kwenye magadi hugeuka kijani chafu. Kama huna maabara, fanya hivyo, inafanya kazi, ila safisha sindano kila mara na usikamue haraka.

Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Namba zake zilikuwa hazipishani. Lakini kila aliposoma aliniambia, "Soma na wewe, mzee." Nasoma, ni ile ile. "Soma tena." Kazi ya nusu saa ilichukua mchana mzima. Mimi nikadhani ni bidii.

Kituo chake cha mtihani kikapangwa pale pale shuleni kwetu. Mkuu alikuwa bado Magwisha, Kemia bado Lukwaja. Siku mbili kabla nilifungua stoo, nikafungua kopo la kostiki. Lilikuwa la mwaka uliopita, na lilikuwa limelia.

Safari hii sikwenda ofisini. Nilingoja asubuhi ya mtihani, msimamizi akiwa amefika, walimu wamesimama, watahiniwa wako kwenye mstari nje. Nikaliweka kopo juu ya meza yake.

"Mheshimiwa msimamizi, kostiki hii imekufa. Mimi siandai mtihani kwa hii."

Magwisha akasema, "Mpuuze, huyu ni darasa la saba."

"Ni kweli," nikasema. "Fungua uone na wewe wa digrii."

Msimamizi, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akafungua. Akatazama. Akachukua kijiti akakitia ndani, kikatoka kinadondosha. "Mkuu," akasema, "mnataka kunifunga?" Nikapewa barua, nikapanda baiskeli hadi shule ya jirani, nikarudi na kopo la kwao, bado limefungwa. Mtihani ulichelewa kuanza kwa saa mbili nzima. Mama yule alisimama mlangoni mwa stoo mpaka Lukwaja alipomaliza jaribio lake kwa mikono yake mwenyewe, jasho linamtoka, kwa sababu alikuwa amesahau kushika pipeti.

Kabula alipata B.

Desemba mkataba wangu haukuongezwa. Hakuna aliyenipa barua, niliambiwa tu na mlinzi getini kwamba jina langu halipo. Miaka ishirini na miwili, na kilichotoka na mimi ni mwiko wa plastiki na jicho moja. Magwisha alihamishwa akapewa shule kubwa zaidi. Lukwaja ana kituo cha twisheni hapa mjini, bango lake lina picha ya mtoto mwenye kipimo cha daktari shingoni. Wengine wenu mnasoma kwake. Mtakapofika mwulizeni anapata ngapi.

Kabula akachaguliwa utabibu. Nilipata habari kwa watu. Mwaka jana ndipo alipokuja mwenyewe, koti jeupe limekunjwa mkononi, yuko mafunzo ya vitendo hospitalini, mwaka wa mwisho. Nilikuwa nakata sabuni. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka pembeni ya mke wangu, akasema amekuja kunishukuru, kwa sababu bila mimi asingefika.

"Unaendeleaje huko?" nikauliza.

"Vizuri, mzee. Ila wenzangu wananicheka." Akacheka mwenyewe. "Nikipima mgonjwa presha, namwita mtu asome tena. Nikivuta dawa kwenye sindano, naita mtu aangalie. Wananiita Soma Tena. Daktari wetu alinifokea, akasema wewe utamwua mtu kwa kuchelewa. Kweli juzi mtoto alikuwa anatetemeka na degedege, na mimi nimeshika sindano naita mtu."

"Mtoto akawaje?"

"Nesi alininyang'anya sindano, akachoma. Yuko hai." Akatazama mikono yake. "Dozi ilikuwa sahihi. Huwa ni sahihi. Siamini tu."

Mke wangu akainuka kwenda kuchukua chai. Nikaweka kisu chini. Nikamwambia. Kopo, gramu nne, bahasha, sinki, bika lililokuwa safi. Na yale maneno ya mlangoni.

Nilipomaliza akaniuliza, "Mwalimu Lukwaja alijua?"

"Alijua."

"Mkuu?"

"Alijua kostiki imelia. Hayo ya namba sijui kama alijali."

"Na wewe ulipata ngapi?"

"Kumi na nane nukta sita. Mara mbili."

"Mimi nilipata kumi na nane nukta sita, nukta tano, nukta sita, nukta sita." Alizitaja bila kufikiri, kama mtu anavyotaja majina ya ndugu zake. Kisha akasema, si kwa hasira, "Mama alifariki Aprili."

"Pole, mwanangu. Sikusikia."

"Siku za mwisho nilikuwa nampima homa mwenyewe, pale nyumbani. Kila nikisoma, ananiambia mwite jirani asome, wewe macho yako yalikuponza."

Chai ilikuja. Hakuigusa. Alivaa viatu, akalikunjua lile koti, akalivaa, ingawa hospitali ilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Mke wangu akamwuliza mbona anaondoka mapema. Akamuaga mke wangu kwa adabu zote, akapiga goti kama tulivyozoea. Mimi nilinyoosha mkono, akanipita.

Hajarudi. Nasikia amemaliza, amepangiwa zahanati moja kule visiwani, na yuko peke yake zamu nzima, hakuna wa kumwita asome tena.